Vidonge Ndani ya Gunia la Pumba

Mume wangu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, nami nilishona nguo kwenye kibanda jirani. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa bila mtoto. Wanawake wa rika langu waliitwa Mama fulani. Mimi niliitwa fundi tu.

Mama mkwe, ambaye ukoo wake ulihamia Usangu na ng'ombe kutoka Usukuma, aliniletea mizizi ya kuchemsha. "Kunywa, mwanangu, tumbo lifunguke." Ilikuwa chungu kama nyongo. Mume wangu aliniangalia nikinywa, akageuzia uso ukutani. Hilo sikulipenda.

Kisha akaanza safari za Mbeya. Alidai anafuata vipuri, akarudi na mkanda wa mashine ambao hata Chimala hapo jirani ungepatikana. Akaacha sigara ghafla. Akaanza kuulizia parachichi na machungwa, mtu ambaye kwake chakula kilikuwa ugali na nyama. Nikajiambia: kuna mwanamke huko, ndiye anayembadilisha.

Siku moja nilikwenda mashineni kuchota pumba za kuku wangu. Mkono ukagusa kitu kigumu ndani ya gunia. Kopo la vidonge, na karatasi yake ya nje imebanduliwa. Mtaani kwetu, mtu akibandua maandishi kwenye kopo la dawa, watu hujua anaficha ugonjwa gani.

Nililirudisha, nikaenda kupima Chimala, ambako hakuna anayenijua. Sikuwa na virusi vya UKIMWI. Badala ya kufurahi nilizidi kushuku. Yeye je? Na kwa nini ananificha?

Jioni ile nikalichukua kopo, nikaliweka mezani kando ya ugali.

"Hizi za nini?"

Alinawa mikono polepole mno. "Vitamini."

"Vitamini zinafichwa kwenye pumba?"

Aliinamisha kichwa. "Ni mimi, mke wangu. Nilipimwa Mbeya. Mbegu zangu ni dhaifu. Wewe huna tatizo."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno."

Kabla ya mavuno! Msimu mzima nimekunywa mizizi mbele ya macho yake. Niliinuka, nikaimwaga sufuria nzima ya mizizi nyuma ya nyumba. Niliporudi nikamwambia, "Safari ijayo tunakwenda wote. Nitasikia kwa masikio yangu."

Daktari naye sikumwamini mara moja. Alisema moshi wa sigara na joto la injini huzidisha sumu fulani mwilini, nayo huzila mbegu za mwanamume kama kutu inavyokula bati. Vidonge vile, vitamini C na E pamoja na madini ya zinki, vilikuwa vya kupunguza kutu hiyo.

"Kwa hiyo vitaleta mtoto?" nikamuuliza.

"Siwezi kukuahidi, mama. Wengine vinaonekana kuwasaidia, wengine haviwabadilishii kitu, na bado wataalamu wanabishana. Kuacha sigara nina uhakika nako zaidi."

Hapo nikalegea kidogo. Wauza dawa wa mnadani huahidi kila kitu; huyu hakuahidi.

Mume wangu mwenyewe alimweleza mama yake, nami nikiwa nimekaa palepale. Tangu siku ile bibi yule hakuleta mizizi tena. Kijana wa ukoo akashika kazi ya injini, mume wangu akabaki kwenye mizani, mbali na joto.

Msimu uliofuata nikashika mimba. Kama ni vidonge, au sigara, au Mungu tu, hata daktari hakujua. Tukapata binti.

Mama mkwe alipokuja, alimpeleka mtoto mlangoni kwenye mwanga. Akamtazama vidole, akamgeuza masikio.

"Huyu kafanana na nani?"

Ukweli tuliomwambia ndio uliompa swali lile.

"Mama," mume wangu akasema, "huyu ni mwanangu. Naomba swali hilo liishie leo."

Mama mkwe alimpakata mjukuu wake mpaka mtoto akalala. Lakini wiki ile yote, kila nilipoingia chumbani ghafla, nilimkuta anamkagua masikio.