Shemeji, Klachi na Majani Mabovu

Leo nimejifunza kwamba trekta halijui nani amefanya ndoa kubwa na nani bado.

Niko Katsepy, shambani kwa dada yangu, tunafunga marobota ya majani makavu ya ng'ombe. Mumewe alishafanya ndoa kubwa ya Kikomoro, ile ya kulisha mji mzima. Mtu kama huyo hakosolewi mbele za watu, sembuse na mimi ambaye sijafanya yangu.

Kwa hiyo usukani akashika yeye. Trekta ni langu, lakini hilo ni jambo dogo.

Klachi ya trekta hili ina hatua mbili. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama, ila mashine ya kufunga majani huko nyuma inaendelea kuzunguka na kumaliza ilichokwisha kumeza. Ukikanyaga mpaka chini, vyote vinasimama.

Tukafika penye majani mazito. Shemeji akakanyaga mpaka chini, kama dereva wa teksi aliyeona polisi.

Mashine ikapaliwa.

"Majani haya mabovu," akasema.

Watu wazima sita tukaitika: "Kweli, mabovu."

(Msinicheke. Nawajua, nanyi mngeitika.)

Tukayachomoa kwa mikono. Akarudia. Tukachomoa tena. Mara tatu, vidole vinawaka.

Dada akaja na chai, akatazama kidogo.

"Baba Zaina, kanyaga nusu."

Akakanyaga nusu. Mashine ikameza yote, ikatema robota safi.

Shemeji akatugeukia.

"Mnaona? Majani ya upande huu mazuri."

Tukaitika: "Kweli, mazuri."