Kitufe cha Shiriki

Nakhumicha alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mtu yeyote Industrial Area ya Nairobi, na hilo halikumsaidia kitu. Miaka kumi na mmoja aliandika kwa mkono ripoti za kampuni ndogo ya Mbuthia, inayoua panya na mende viwandani. Ripoti za wateja zilijaa maneno ya adabu. Ukweli ulikaa kwenye daftari jeusi la ndani, ambamo mafundi waliandika walichokiona kwa macho yao: gunia gani limetobolewa, sumu gani imeshindwa, meneja gani ni mkali. Daftari hilo halikuwahi kutoka ofisini.

Mwaka jana wateja wakaanza kudai ripoti za mtandaoni. Mbuthia akaleta programu mbili za kujaribu, kila moja ikiweka ripoti za wateja na kumbukumbu za ndani mahali pamoja. Ya kwanza ilikuwa Kiingereza kitupu. Ya pili ilikuwa na Kiswahili.

"Wewe ndiye utaishi nayo," Mbuthia akamwambia. "Chagua."

Hakuchagua kwa pupa, msimdhanie vibaya. Alizijaribu wiki mbili nzima, akazipima kwa Dishon Mulongo, fundi mkongwe kuliko wote na jirani yake wa Huruma, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye majina ya sumu. Ile ya kwanza, Dishon aliandika mstari mmoja akaikimbia. Ya pili aliandika ukurasa mzima kwa kidole kimoja huku akicheka peke yake.

"Ni hii, bosi," Nakhumicha akasema. "Wakiandika kwa lugha yao, wataandika kila kitu."

Dishon ndiye aliyesita. "Dada, na hii maneno ya ndani, wateja hawawezi iona?"

"Andika tu. Hiyo ni ile daftari yetu nyeusi, imevaa nguo mpya."

Basi akaandika. Kwenye ukurasa wa ndani wa kiwanda kimoja cha mikate aliweka haya: "Panya wamezaana nyuma ya oveni. Mavi yao iko kwa unga. Meneja amesema tuandike hakuna kitu. Mimi siandiki uongo, wacha Nakhumicha aangalie."

Nakhumicha akaufungua ukurasa huo Jumatatu asubuhi. Juu palikuwa na kitufe cha buluu: Shiriki. Neno hilo alilijua tangu utotoni Bungoma, mchungaji akiwaita kwenye meza ya Bwana. Kushiriki ni kuingia, kukaa na wenzako, kupokea sehemu yako. Akadhani anaalikwa aingie amjibu Dishon. Akabonyeza. Programu ikamuuliza, wote waliomo? Ndiyo, wote, si ni mafundi tu?

Huyo aliyekaa huko aliko akaitafsiri programu hiyo, natamani nimpate siku moja tu. Alitaka kusema wape wengine waone. Kushiriki na kushirikisha, mtoto wa darasa la nne hapa Huruma anazitofautisha!

Ukurasa ukaenda kwa kila aliyekuwa kwenye faili la kiwanda, meneja akiwa wa kwanza. Saa nne alikuwa kwenye simu. Habari za panya hakuzigusa. Alitaka aliyeandika afutwe kazi, na jina lilikuwa pale chini ya maneno, kwa sababu programu huliweka yenyewe. Kiwanda kile ndicho kilichokuwa mteja mkubwa wa Mbuthia. Mbuthia akaamini Dishon ameutuma mwenyewe kwa kutojua, na kufikia saa saba Dishon alikuwa amerudisha buti na pampu.

"Nani amenichoma, dada?" alimuuliza Nakhumicha mlangoni. "Nani amepeleka maneno yangu? Mimi hata hiyo kutuma siijui."

Nakhumicha akafungua mdomo. Mbuthia alikuwa amesimama nyuma yake, na kazi ilikuwa imebaki moja tu nyumbani kwao, yake.

"Sijui," akasema. Alijichukia kabla neno halijamaliza kutoka.

Siku hizi Dishon, miaka hamsini na minne, husimama langoni mwa viwanda pamoja na vijana akisubiri kuitwa kibarua. Ripoti ya mwezi ule ya kiwanda cha mikate aliiandika Nakhumicha mwenyewe, kwa maneno ya adabu. "Hakuna kilichoonekana," ilisema.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata ilikuwa ya meza ya Bwana kanisani kwao Huruma. Dishon ni mzee wa kanisa, na hilo hawakuweza kumnyang'anya. Alipita safu kwa safu na sinia la vikombe vidogo, ndani ya suti yake ya kahawia, mpaka akafika kwa Nakhumicha.

"Shiriki, dada," akanong'ona, kama anavyomwambia kila mtu.

Nakhumicha hakuchukua kikombe. "Siwezi."

"Uko na nini?"

"Ni mimi nilibonyeza."

Vikombe vikagongana kwenye sinia. Dishon hakuuliza alibonyeza nini. Alimtazama mpaka watu wa safu ya nyuma wakaanza kugeuza shingo, kisha akasogea kwa aliyefuata.

"Shiriki, ndugu," akasema.