Bango Kando ya Antena

Kwenye kituo cha magari ya wagonjwa walimwita Mama Kimya, na jina lenyewe ni uchokozi, kwa sababu yule mama hakuwa na ukimya hata wa kutilia dawa. Alizaliwa katika nyumba ya watoto wengi, ambamo ukisubiri wenzako wamalize kusema utazeeka hujasema. Kila mtu alisema huku mwenzake naye anasema, na kila mtu alisikika. Jina alilipata kazini, kwa kuwa kila alipojaribu mitambo alifoka, "Kimya!", na watu wakaganda na vikombe vyao mkononi.

Alikuwa fundi wa redio, na redio za kituo zilimkera tangu siku ya kwanza. Ukibonyeza kitufe unasema, lakini husikii. Ukikiachia unasikia, lakini husemi. Mwelekezaji aliyeko ofisini anatoa maelezo yasiyo na kikomo, na dereva anayetaka kumwambia kwamba njia imefungwa inabidi ameze maneno mpaka zamu yake ifike. Dereva wa njia ya milimani alikuwa mdogo wake wa mwisho, ambaye yeye ndiye alimbeba mgongoni utotoni. Siku moja alimwambia, "Dada, mgonjwa hajui zamu."

Basi akaamua kutengeneza redio inayosema na kusikia kwa wakati mmoja, kwenye masafa yaleyale. Ugumu wake ni huu: redio inaposema, sauti yake yenyewe inaingia sikioni mwake kwa kishindo, na sauti hafifu ya aliye mbali inamezwa. Dawa ni kuifundisha ijijue. Inachukua nakala ya inachokituma, inapima kinavyorudi baada ya kugonga ukuta, paa na tangi la maji, kisha inakiondoa chote kwenye inachokisikia. Kinachobaki ni sauti ya mwenzako. Kusema ni rahisi! Mama Kimya alihangaika nayo mpaka mumewe akazoea kupika na kula peke yake. Alipofaulu, mdogo wake akiwa ng'ambo ya mlima alimkatiza katikati ya sentensi, wakacheka wote wawili kwa pamoja, na kila mmoja akasikia kicheko cha mwenzake. Mama Kimya alilia, wala hakuona haya.

Tangu hapo madereva wakaambiwa: msingoje zamu, semeni tu, tunawasikia.

Halafu mkurugenzi akaleta bango. Bati tupu, kubwa kuliko mlango wa gereji, lenye picha yake mwenyewe akitabasamu, likafungwa juu ya paa kando ya antena siku ileile ya uzinduzi wa redio hizo mpya. Bati hurudisha mawimbi, na lile lilitikiswa na upepo bila kupumzika, kwa hiyo mwangwi ukawa unabadilika kabla redio haijaujua. Mama Kimya aliingia ofisini kwake hasira zimempanda utosini.

"Mzee, lile bango litoke. Redio inajisikia yenyewe tu."

"Bango haliongei, mama. Litavurugaje redio?"

"Linaturudishia kelele zetu!"

"Mbona gari lililoko hapa uani linasikika vizuri?"

"La uani si liko puani mwetu? Jaribu aliye mlimani. Au basi waambie madereva warudie zamu."

"Nirudie ya kale siku ninayozindua mapya? Unataka kuniaibisha mbele ya wageni? Tutalitoa baada ya sherehe." Akageukia kioo, akanyoosha tai.

Mama Kimya akashuka mbio awatangazie madereva mwenyewe. Akakuta kipaza sauti cha redio kimeshapelekwa jukwaani, kwa sababu bwana mkubwa aliamua hotuba yake isikike ndani ya kila gari. Debe tupu haliachi kuvuma! Akaanza kujipiga kifua: maono yake, juhudi zake, usiku ambao hakulala. Wageni wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakipokea kwa mikono miwili.

Mama Kimya alivaa hedifoni zake kando ya jukwaa. Alisikia hotuba ikijirudia na kukwaruza, na chini yake vipande vya sauti ya mtu. Akatega sikio. Alikuwa mdogo wake, na alikuwa anauliza kitu.

"Achia kitufe!" alipiga kelele. "Kuna gari linaita!"

Mkurugenzi akampungia mkono kama anayefukuza nzi. "Ndugu wageni, msishtuke. Redio hii inasikia huku inasema."

Akaendelea. Mama Kimya akapanda jukwaani, walinzi wakamshika, akawaponyoka, wakamshika tena. Alipokifikia kile kipaza sauti alikinyofoa mkononi mwa yule bwana, kitufe kikaachia, na sauti ya mdogo wake ikatoka kwenye spika zote za uani, wazi kabisa.

"Dada, acheni. Mgonjwa wangu, mama aliyetoka kujifungua, ametutoka. Damu haikukatika. Nimesimama njia panda muda wote huu nauliza hospitali ipi, ya juu au ya chini, ina damu ya kumwongeza. Nasikia hotuba tu. Mtoto yuko hai, ninaye hapa."

Mkurugenzi akajikung'uta koti, akawageukia wageni.

"Mnasikia," akasema, "sauti ilivyo safi?"

Na baadhi yao, Mungu awasamehe, wakapiga makofi.