Timu Iliyohamia Rwambuzi

Asubuhi ile niliondoka Marabo bila kumuaga mtu. Nilikuwa nimekaa kwa shangazi yangu miezi minne, nikimsaidia kupeleka mihogo sokoni, na kwangu miezi minne ilikuwa mingi. Shule niliiacha darasa la nne, si kwa sababu ya umaskini. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara, basi. Nilipofika njia panda sikujua kama nitashika upande wa Komanda au wa Bunia. Kamiyo moja, lori la mizigo, ndiyo iliyonichagulia.

Ilikuwa imekwama pale tangu jana yake, gurudumu limezama ndani ya tope la poto-poto, na wanaume kumi wakiisukuma kwa wimbo. Juu ya mizigo yao zilifungwa nguzo za goli, zimepakwa chokaa. Nilikuwa nimeona watu wakihama na kuku, na mbuzi, na milango ya nyumba. Na goli, bado.

"Sitwayen!" mmoja aliniita akihema, yaani raia, kama tulivyoitana siku zile. "Weye iko naangalia senema, ama iko nasukuma?"

Nikasukuma. Ilipotoka, aliyeniita akanivuta juu. Alikuwa mtu mfupi mwenye shingo nene, kapita wa timu ile. Njiani nilimuuliza maswali mpaka wenzake wakaanza kucheka.

Walikuwa wachimbaji wa kambi moja ya zahabu ndani ya msitu, na kiwanja chao kilikuwa kimeliwa. Mtu alikuwa amepiga jembe kwenye kona akaona kitu kinang'aa. Mwaka huo walikubaliana na timu zilizowatembelea kona zote zipigwe upande mmoja. Kisha mashimo yakasogea hadi mbele ya goli.

"Siku golikipa alianguka mu shimo na balo mukononi," kapita alisema, "tukajua hapa mupira umekufa."

Golikipa mwenyewe, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni, akaitikia, "Balo hapana niponyoka. Useme na ile."

Bunia ilikuwa na nafasi moja katika daraja la pili. Kamati ya mpira ilikuwa na sharti lake: timu ni ya mji ambamo wachezaji wake wanalala. Mchana ule ule mwandishi wa kamati angepita kuangalia daftari la mtaa. Asipokuta majina kumi na moja, nafasi itapewa wengine. Mtu wao wa kumi na moja, winga wa kushoto, aliona zahabu kidogo asubuhi ya kuondoka, akabaki.

Kapita aliangalia miguu yangu. "Unajua kucheza?"

"Najua kukimbia."

"Unakimbia vizuri, ama unakimbia tu?"

Wakacheka wote, yeye hakucheka. Baadaye, tulipokuwa tunapanda kilima na kamiyo inaguna, aliniambia kwa sauti ndogo, "Hii ekipe, hii timu, nilioa yeye mbele ya kuoa bibi yangu. Miaka kenda. Leo ikikufa, mimi nitarudia kuwa mutu wa mashimo tu." Nikasema niandikwe.

Hata leo naikumbuka safari ile kuliko nyingine nyingi za maisha yangu. Jua lilikuwa jipya, majani ya vilima yamelowa, na watu kumi waliopigwa na baridi usiku mzima walikuwa wakibishana nani atapiga penalti katika mji ambao hawakuwa na hata kitanda.

Tuliingia Rwambuzi, mtaa wa Bunia, saa tatu, na mti ukalazwa barabarani mbele ya kamiyo. Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo. Wenye umri wangu wanakumbuka: asubuhi ya Jumamosi hakuna duka, hakuna safari, kila mtu na jembe lake kusafisha barabara. Shefu wa mtaa alikuja, vifungo vya koti lake la kabakosti vikivutana tumboni.

"Hapa hapana pita. Mushuke, mushike kazi."

Kapita alifurahi. Kuomba nyumba ukiwa na jasho ni rahisi kuliko kuomba ukiwa umekaa juu ya gari. Tulipewa mtaro wa maji ulioziba, mbele ya nyumba ya mama mmoja muuza maharage aliyehamia kutoka Butembo. Watu wale walichimba kama wanacheza. Kwa nusu saa walifanya kazi ambayo mtaa ulikuwa umeiogopa tangu mvua za kwanza. Wanawake wakaanza kuwatania, mmoja akauliza nani hajaoa. Shefu akauliza wanatoka wapi, na kapita akajibu kwa adabu kwamba ni wachezaji, wanatafuta mahali pa kulala. Shefu akaitikia kwa kichwa.

Hapo mtaro ukafika kwenye changarawe.

Golikipa aliinama, akachota mchanga, akautia ndani ya sahani ya bati ya mama, na maji kidogo, akaanza kuuzungusha. Hakuwa na nia mbaya. Mikono yake ilifanya ilivyozoea. Wawili wakasogeza vichwa. Wa tatu akaacha mtaro, akafuata changarawe kuelekea msingi wa nyumba.

"Wachimbaji!" mzee mmoja alipiga kelele. "Hawa ni batu ya zahabu! Kule kwa mukwe wangu banalala siku mbili, ya tatu chumba iko shimo!"

Utani ukakatika. Milango ikafungwa. Shefu akarudi nyuma hatua mbili, akafunika daftari lake kwa kiganja, akatuambia tupande gari yetu.

Kapita hakumgombeza golikipa. Alimnyang'anya sahani, akaiosha, akamrudishia mama kwa mikono miwili. "Utusamehe, mama. Hii ni desturi mubaya ya mikono yetu."

Mama aliangalia mtaro. Ulikuwa umenyooka, kuta zake zimekatwa kama mkate.

"Mumechimba na nusu saa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi iko na choo imejaa. Nimeita batu mara tatu, banafika kwa mawe, banakimbia." Akamgeukia shefu. "Shefu, kama bana ya batu banapenda kuchimba, si tubaonyeshe pa kuchimba? Mimi nabeba bawili, balale kwangu."

"Na bakitoboa nyumba?"

"Bakifika kwa zahabu ndani ya choo yangu, ya kwao!"

Mtaa mzima ulicheka, hata yule mzee, na sidhani kuna kicheko nilichokipenda zaidi. Kisha yule yule mzee akauliza, kama mtu asiyejali, wachimbaji wake yeye atapata wangapi. Choo chake kilikuwa kibaya kuliko vyote. Kabla ya saa sita wote walikuwa wamepata nyumba, wawili huku, watatu kule, na shefu ameketi juu ya kiti akiandika. Nilipotaja jina langu, kalamu yake ikasimama.

"Weye pia muchimbaji?"

"Hapana. Mimi nitachota udongo."

Mwandishi wa kamati alifika mchana kwa baiskeli. Alihesabu majina kwa kidole, mara mbili, akapiga muhuri. Kapita alishukuru, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa, macho mekundu, na hakuna aliyemtania.

Mimi na golikipa tuliwekwa kwa mama wa maharage. Alitufungulia chumba cha stoo, tukasukuma magunia upande mmoja, akatandika mkeka.

"Pale panavuja," alisema. "Mulale huku."

Kapita alisimama mlangoni akiniangalia. Nadhani alikwisha kunijua.

"Na kesho utalala hapa?"

"Nitalala."

"Na kesho kutwa?"

Harufu ya maharage makavu ilijaa chumba chote. Nilivuta mkeka mbali na pale panapovuja, nikalala ili kuupima. Nikamwambia ndiyo, na kesho kutwa.