Yai la Siku ya Tatu

Enzi zetu sisi tuliokulia Kisauni, yai halikuwa kitu cha kukaangwa ovyo. Yai lilikuwa kuku wa kesho, na kabla hujalipasua ilikupasa ujue kama ndani mna roho au hamna. Na wa kulijua hilo mtaani petu, wallahi, alikuwa mmoja tu: shangazi yangu Mwanakheri, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki.

Nyinyi rika langu mtayakumbuka majiko yale ya makuti nyuma ya nyumba, kiza ndani hata mchana, harufu ya moshi na nazi iliyokunwa. Mlango wa jiko letu ulielekea mashariki, na kwenye ubao wake shangazi alitoboa tundu dogo kuliko yai. Asubuhi jua likiupiga mlango, yeye huingia, akaufunga, akaliegemeza yai tunduni kwa upande wake mnene, akalizungushia kiganja mwanga usivuje. Basi yai zima linawaka! Kama halikupata jogoo, linang'aa tupu kama samli iliyoyeyuka. Kama lina mbegu, utaona doa jeusi na mishipa myekundu imetambaa pande zote, kama buibui mdogo. Na kama kifaranga kimefia njiani, damu imejikusanya pete. "Hili kuku. Hili mkate wa mayai. Hili jaani," atasema, na hakuna aliyembishia. Sisi watoto, Mungu atusamehe, tulikuwa tukiombea yawe mengi ya mkate.

Watu walimletea mayai yao yaatamiwe na kuku wake, kila nyumba na alama yake ya mkaa, na siku zote kwa hesabu ya witiri: tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Wako waliosema yai lililochongoka hutoa jogoo. Shangazi akicheka, "Mtazameni huyo jogoo, kachongoka wapi?" Sharti lake lilikuwa moja tu: hapimi kabla ya siku ya saba, hata ungemlilia.

Mwaka ule, vita vikuu vikiwa vimekwisha juzijuzi, kideri kilipita Kisauni kama fagio. Kuku asubuhi amejikunyata, jioni miguu juu. Jirani yetu Mama Kadzo, Mgiriama mpole ambaye mumewe alikuwa kibarua Changamwe na kurudi Jumamosi kwa Jumamosi, alikuwa akiwalisha watoto wake kwa banda lake la kuku. Hakusalia hata mmoja. Hata jogoo wake mwekundu, aliyekuwa akituamsha kabla ya adhana, naye akaenda. Akaja kwetu na chungu chenye mayai kumi na moja.

"Dada Mwanakheri," alisema, "kuku wangu wote ni hawa."

Shangazi akayaweka chini ya kuku wetu mweusi, aliyenusurika kwa kuwa alikuwa amefungiwa jikoni. Ilikuwa Jumatatu. Siku ile ile tukaletewa habari ya msiba wa jamaa yetu wa Changamwe, naye akafunga safari ya matanga. "Mpe maji, mpe mtama," akaniusia, "na mikono yako iweke mbali. Siku ya saba nitakuwa nimerudi."

Alhamisi asubuhi Mama Kadzo akaja kuchungulia. Alisimama tu akimtazama yule kuku. Nami, msichana wa miaka kumi, mjuaji kuliko wajuzi, nikasema, "Mama Kadzo, nikupimie?" Ningependa kusema ilikuwa huruma. Yalikuwa majivuno.

Nikaufunga mlango. La kwanza tupu. La pili tupu. Yote kumi na moja yaling'aa samli. Nikatoka nje nikasema kwa sauti ile ile ya shangazi, "Mkate wa mayai. Yote."

Hakulia. "Haya mwanangu, Mungu hakupanga," akasema, akayakusanya kwenye kanga yake akaenda.

Haikupita hata saa moja shangazi akarudi. "Mayai wapi?" Nikamweleza, tena kwa kujigamba. Loo! Shangazi hakuwa mtu wa mbio, lakini siku ile alitoka hata hajavua viatu, nami nyuma yake. Tulimkuta Mama Kadzo ameketi mbele ya jiko, mkono kichwani. Bakulini alikuwa amepasua mayai mawili, na juu ya viini vyake palikuwa na vinyuzi vya damu, vyembamba kama nywele. Tisa yaliyobaki alikuwa ameyakumbatia tumboni ndani ya kanga.

"Mama Kadzo," shangazi akasema, "kosa ni langu. Nilimfundisha kutazama, sikumfundisha kungoja."

Mimi hakunigusa. Jamani, heri angenichapa! Tukayarudisha yale tisa chini ya kuku, na siku nne zilizofuata sahani yangu ilirudi na chakula chake. Nilikuwa nikisikia njaa ya watoto wa Mama Kadzo tumboni mwangu mimi.

Jumatatu shangazi akamwita Mama Kadzo, akanigeukia. "Ingia upime." Nikakataa, nikalia kabisa. Akanishika bega. "Macho unayo, mwanangu. Siku ndizo zilizokuwa hazijatimia." Nikaingia. La kwanza, buibui. La pili, buibui. Niliposema "Kuku" mara ya saba, Mama Kadzo alipiga vigelegele mpaka kuku mweusi akamkaripia. Mawili hayakuwa na bahati. Saba yakaanguliwa, na mmoja wao akakua jogoo mwekundu, akatuamsha kabla ya adhana kama marehemu baba yake. Mwanamke yule angeweza kunichukia. Aliniletea tembe wa kwanza aliyepevuka, akaniambia ni wangu.

Shangazi alipewa sifa nyingi kwa macho yake. Mimi kila nikikumbuka, naona macho yalikuwa kitu kidogo. Mtu mzima, mbele ya jirani, kubeba kosa la mtoto bila kupepesa, hilo ndilo sijaliona tena.

Siku hizi wajukuu zangu wana mashine ya kutotolea, inageuza mayai yenyewe, na simu zao zina taa kali utadhani zinamulika mpaka dhambi zako. Niliwaonyesha mimi namna ya kupima. Juzi mmoja akanijia mbio. "Bibi, hili halina kitu. Nilitupe?"

"Lina siku ngapi?"

"Tatu."

Mdomo ulishafunguka kugomba. Halafu nikaufunga, nikalichukua yai mkononi mwake, bado lina joto, nikalirudisha mahali pake.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Keti hapa, tungoje."