Wewe Unaonaje?

Bosi wangu Mnorwei aliosha vikombe mwenyewe. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi mwanzoni. Katika ofisi niliyoiacha Nakuru, ukimkuta mkubwa ameshika sponji, ujue kuna mtu anafutwa kazi.

Kampuni hiyo ya Wanorwei iliuza vali za meli, vile vifungio vya mabomba, nayo ilikuwa mtaani Hockley, Birmingham ya Uingereza, mji usio na bahari hata ya kusingiziwa. Mimi nilishughulikia oda. Asubuhi nilitoka nyumbani, mtaa wa Ladywood, kwa miguu, na ikifika saa kumi jioni taa zilizimwa, maana Wanorwei hawakuona sifa yoyote katika kukesha ofisini. Chakula tulikula meza moja, bosi, dereva na sisi wa oda, kila mtu na vipande vyake vya mkate na jibini ya rangi ya kahawia. Hakuna aliyemwita mwenzake bwana. Walitaka nimwite bosi kwa jina lake la kwanza, lakini mdomo ulikataa katakata. Kwa hiyo sikumwita chochote. Nilisimama karibu naye nikakohoa mpaka ageuke.

Wala hakuwa mtu wa kuamuru. Ukimpelekea tatizo, alikutazama na kukuuliza kwa Kiingereza chake cha polepole, "Wewe unaonaje?" Sasa kwetu, mkubwa akisema hivyo, hajakuuliza kitu. Anakwambia ujionee mwenyewe ulivyokosea. Unainamisha kichwa, unarudi mezani. Nilirudi mezani mara nyingi.

Mama alipofariki, dada yangu alinipigia nikiwa nimebandika maji ya ugali. Mazishi yangekuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. "Utakuja?" akauliza. Nikamwambia nitaomba ruhusa. Sikulia. Nilizima jiko, nikamwaga maji, nikaosha sufuria ambayo haikuwa imepikiwa kitu.

Kesho yake nilikohoa mlangoni kwa bosi. Nikamweleza kwamba mama amefariki, na kwamba kama inawezekana, kama haitasumbua kazi, nilikuwa naomba siku chache. Akaweka kalamu chini. Akanipa pole. Kisha akaangalia dirishani, na mwishowe akasema, "Wewe unaonaje?"

Nikaona. Niliona oda zilizorundikana mezani kwangu na meli zilizokuwa zikisubiri. "Naona nimalize oda kwanza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Kama wewe unaona ni sawa."

Ijumaa ya mazishi nilikuwa kazini. Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yao ya vafeli, mikate laini inayobanwa kwenye chuma cha moto ikatoka na umbo la mioyo. Bosi alinipakulia mbili, akazipaka jamu. Saa hiyo huko kwetu walikuwa wanafukia kaburi. Nilizila zote mbili. Sikuhisi kitu, hata utamu.

Mwaka uliofuata, baba yake dereva, ambaye naye alikuwa Mnorwei, aliugua huko kwao. Dereva alimwendea bosi na kikombe mkononi, hata hakuketi, akamweleza.

"Wewe unaonaje?" bosi akauliza.

"Wiki tatu."

"Sawa," bosi akasema, akammiminia kahawa.

Mimi nilikuwa na simu ya mteja sikioni. Mteja aliita halo, halo, mpaka akakata.

Jioni nilimfuata bosi jikoni. Nikamwuliza, je, mama yangu alipofariki, kama ningesema wiki tatu? Alishangaa kweli, kitambaa cha kukaushia vikombe mkononi.

"Ungeenda," akasema. "Nilidhani ulitaka kuwa nasi."

Usoni mwake hapakuwa na ubaya wowote. Laiti ningekasirika. Nilichukua koti langu, nikatembea hadi nyumbani, nikala, nikalala.

Jumapili hiyo dada alinipigia. Kwake yeye bosi wangu ndiye aliyekuwa mkosaji, na hakuna simu iliyoisha bila kumtaja.

"Yaani huyo boss wako," akasema, "kweli mtu ana roho anakunyima off ya kuzika mamako? Mungu anamwona."

"Hakuninyima," nikamwambia.

Nilisikia redio yake ikiimba nyimbo za kanisa.

"Sasa ni nani alikukataza?"