Subirini Azinduke

Kifafa changu mimi sijawahi kukiona. Nakisikia tu kwa watu, na watu wenyewe hawaaminiki: huyu atasema nilikoroma, yule ataapa kwamba nilicheka. Ninachojua ni kwamba nikizinduka nakuta ulimi nimeung'ata, nguo imelowa, na majirani wamesimama kule mbali kama wanatazama nyumba inaungua. Mtaani kwetu Gungu, miaka ile ya wakimbizi, kila mtu alijua kuwa ukimgusa aliyeanguka ugonjwa unahamia kwako. Hata kikombe changu kilikuwa na msumari wake ukutani, peke yake. Nilikichukia kile kikombe, na sijaacha.

Chumba cha uani Mama alikuwa amempangisha mwanamke aliyekimbia vita kwao Burundi. Alitakiwa awe kambini, lakini maisha ya kambi yalimshinda, akaja mjini, akawa anaanika dagaa ufukweni na kusema ametoka Kasulu. Kiha cha Kasulu na Kirundi havipishani sana, watu wakamezea.

Yeye ndiye wa kwanza kunishika. Nilianguka nikisonga ugali, Mama akakimbilia kijiko anitie menoni, maana ndivyo tulivyofanya siku zote. Mpangaji akamzuia mkono.

"Kitamvunja meno hicho, dada. Acha."

Akanivuta mbali na moto, akanilaza ubavu, akanilegeza kanga shingoni, kisha akakaa kunisubiri. Mama anasema muda wote alikuwa akirudia Kirundi chake, "Mpore, mwana wanje," yaani pole, mwanangu. Nilipofumbua macho kichwa changu kilikuwa mapajani mwake. Nikalia, na wala sikuwa naumwa popote. Nilikuwa msichana wa kuolewa, na sikumbuki mtu aliyewahi kunigusa nikiwa chini.

Baadaye alituambia alikuwa na binti mwenye hali kama yangu. Alianguka mtoni akichota maji, na wenzake wakaogopa kumtoa.

Yeye ndiye aliyenipeleka zahanati. Nikapewa vidonge, nikaambiwa nimeze kila siku, hata nikijiona mzima. Nikameza, nikaacha kuanguka. Nikaanza kwenda sokoni Ujiji peke yangu, naringa hasa, narudi na samaki wangu wa migebuka kichwani. Mama naye akafurahi kupita kiasi. Siku moja akatangaza kwamba nimepona, Mungu ashukuriwe, na kwamba dawa za kila siku zitaniharibu kizazi. Pakiti akaiweka juu ya kabati.

"Dada, kupona kwake ndiyo hivyo vidonge," mpangaji akamwambia.

"Mwenye mtoto ni mimi," Mama akajibu.

Jibu lile lilimchoma, nilimwona. Akarudi chumbani kwake taratibu.

Haukupita muda mrefu, ukaja msako wa wakimbizi waliokuwa wakiishi mitaani. Asubuhi hiyo Mama alikuwa Mwandiga kununua muhogo, na mpangaji alikuwa amejifungia chumbani. Lori la askari likasimama mbele ya nyumba yetu. Nikatoka kuangalia, na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapokatika.

Yaliyobaki nimeyaokota kwa majirani. Nilianguka ukingoni mwa mtaro, watu wakatawanyika, hata askari akarudi nyuma. Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa. Akapita katikati yao wote, akaketi chini, akanigeuza ubavu, akaanza: mpore, mwana wanje. Askari akamuuliza yeye ni mwenyeji wa wapi. Habari za Kasulu hakuzitaja tena.

"Subirini azinduke," akasema, "nitapanda mwenyewe."

Hawakusubiri. Akawaomba majirani, mmoja tu aje anishike kichwa. Hakusogea mtu. Watu wazima wale, tuliokuwa tunazikana nao, hasira yangu kwao sijaimaliza. Basi akavua kitenge alichojifunga, akakikunja, akakiweka chini ya kichwa changu, akapanda lori na gauni lake tu. Nilizinduka nimekilalia, nikawa namwita. Hatukumwona tena.

Mama alirudi alasiri, akasimuliwa. Alivuta stuli, akashusha ile pakiti kutoka juu ya kabati, akanipa maji kwa kikombe chake mwenyewe. Vidonge vilikuwa bado vingi.